Kinanda Kisichopumua

Mtu akistaafu ualimu huangukiwa na kazi ambazo hakuziomba. Mimi nimeangukiwa na vinanda vikuukuu vya kodiani, vile vya vifungo, ambavyo hapa kwetu Kenya ya kati vimeongoza ngoma ya mwomboko tangu miaka ya 1940: mume na mke wameshikana, hatua mbili mbele, kisha magoti hukunjwa, huku karing'aring'a ya chuma ikilia kando. Wapigaji wengi wamekwisha kufa. Vinanda vimebaki juu ya makabati, na wajukuu huniletea wakiwa na swali moja: "Mwalimu, hiki kina thamani gani?"

Ndugu msomaji, usikimbilie rangi wala nakshi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi huanza na pumzi. Nafungua kamba za mvukuto, nashika upande wa vifungo juu bila kubonyeza chochote, kisha nauachia upande wa besi uning'inie. Ukishuka polepole, mvukuto ni mzima. Ukiporomoka kama ndoo kisimani, hewa inavuja mahali: penye ngozi za pembeni, katika mikunjo, au chini ya vifuniko vya matundu.

Pili, nanusa. Harufu ya ukungu ni dalili ya unyevu, na unyevu huzaa kutu. Tatu, napiga kila kifungo mara mbili, nikivuta na nikisukuma, maana katika kodiani ya namna hii kifungo kimoja huwa na sauti mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kusukuma. Kila sauti ina kilimi chake cha chuma, kilichofungwa kwa ribiti juu ya kibati. Katika vinanda vingi vibati hivyo hugandishwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msonobari. Nta ikizeeka hupasuka, na kinanda huanza kukoroma. Kikiachwa ndani ya gari juani, nta huyeyuka na vibati vikaanguka.

Mwaka jana alinijia mjane mmoja na mjukuu wake. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amewapa bei ya kuku wawili, na kijana alihitaji karo ya chuo cha ufundi. Nilikifungua kinanda mbele yao. Mvukuto ulivuja pembe mbili, nondo walikuwa wamekula vitambaa vya chini ya vifuniko, vilimi viwili vilikuwa bubu kwa uchafu. Mengine yote yalikuwa mazima. Nikamwambia, "Mama, huyu si maiti. Amezibwa pua tu."

Kijana alikuwa hodari wa mikono. Tulibandika ngozi mpya, tukabadilisha vitambaa, tukasafisha vile vilimi taratibu kwa brashi. Ndipo akatoa simu yake yenye programu ya kupimia sauti. "Guka, vingi haviko sawa. Tuvikwangue vyote vifuate mshale."

Hapo nilimzuia. Ukitaka sauti ipande, hukwangua chuma karibu na ncha ya kilimi. Ukitaka ishuke, hukwangua karibu na ribiti. Lakini chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Tena katika kinanda kile kila sauti ya vifungo ilikuwa na vilimi viwili, kimoja kikiwa juu kidogo ya mwenzake kwa makusudi ya fundi. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta mtetemo. Tungevilazimisha vyote vifuate mshale, tungepata sauti iliyonyooka na kuupoteza mwomboko wenyewe. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliona watoto wengi wakinyooshwa namna hiyo hadi wakanyamaza. Kanuni yangu kwa wote ni moja: tengeneza kwanza kile kinachozuia pumzi, na usiguse usichoweza kukirudisha.

Kilipolia, yule mama alikaa kimya kitambo. Nilidhani atakirudisha kabatini. Badala yake aliniuliza ni nani kijijini bado anapiga. Nikamtajia kijana mmoja wa kikundi cha ngoma, naye akaja, akakipiga, akalipa bei iliyotosha muhula mmoja wa karo. Mjukuu alinuna. Alisema tumeuza sauti ya babu yake.

Nimelifikiri neno lake mara nyingi, na sikubaliani nalo. Kodiani isiyopigwa haihifadhiwi, inaoza: ngozi ndogo zinazofunika vilimi hukauka na kujikunja, kutu hutambaa, nondo hurudi. Sauti ya babu ilikuwa ikifia juu ya kabati wakati wote waliodhani wanaitunza. Kwa hiyo anayeniuliza thamani ya kinanda, nami sasa humuuliza kwanza: nani atakipiga?