Shimo Jeusi na Mwanzo wa Ulimwengu

Msomaji, vitu viwili vyaweza kufanana sura na kutofautiana asili. Mwaka 1965 Roger Penrose, mwanahesabu wa Uingereza, alithibitisha kwamba nyota kubwa ikiporomoka kwa uzito wake hata nuru isiweze kutoka, ndani yake hapana budi pawe na kikomo ambapo njia ya nuru hukatika. Stephen Hawking akaigeuza hoja hiyo: ulimwengu unapanuka, basi ukifuatwa nyuma nao hufikia kikomo cha namna hiyo. Umri wake leo hukadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Lakini pima tofauti. Aangukaye katika shimo jeusi ana kikomo mbele yake, kama kesho isiyoepukika. Mwanzo wa ulimwengu u nyuma yetu sote, kama jana isiyorudi. Shimo lina mahali pake, na aliye mbali aweza kulizunguka salama; mwanzo haukuwa na mahali pamoja, kwani ulitokea kila mahali, hata hapo ulipoketi.

Katika vikomo vyote viwili nadharia ya Einstein ya mwaka 1915 hushindwa. Hesabu itoapo jibu lisilo na kiasi, hukiri kuwa imefika mwisho wa nguvu zake. Ungamo hilo si aibu. Asiyejua mpaka wa elimu yake hutangatanga. Aujuaye amekwisha pata mahali pa kuanzia kazi. Kazi hiyo haijakamilika, na yaweza kuwa yako.