Vyeti vidogo na shahada ya bi harusi

Sisi tunaosomea ualimu kwa mtandao, wengine tumeolewa muhula ukiwa katikati, tunaulizwa sana kuhusu vyeti vidogo, vile vya somo moja fupi.

Tunavipenda. Kozi za beji za OpenLearn, ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, hazina ada, na kuna za saa 24 zilizogawiwa wiki 8. Yaani saa 3 kwa wiki, baada ya Isha, watoto wameshalala. Unasoma, unafaulu majaribio, beji inakuja. (Bando ni habari nyingine, mashoga.) Ulichokisoma usiku unakipeleka kwenye mazoezi ya kufundisha.

Lakini tusidanganyane. UNESCO ilipopendekeza maana ya vyeti hivi mwaka 2022, ilitaja tathmini na mtoaji anayeaminika, na kwamba vinaweza kuchangia sifa kubwa zaidi. Vinaweza tu. Beji ya OpenLearn haihesabiwi kama alama za chuo, wala haikufanyi mwalimu.

Na hapo ndipo bi harusi anapobanwa. Mwenzetu aliposwa, upande wa mume wakasema: si ana vyeti vyake vya kwenye simu, chuo cha nini tena? Mama yake akajibu kwa upole, lakini hakuyumba: mwanangu atamaliza shahada akiwa kwenu, na hilo tuliseme kabla ya ndoa. Wali akalisema mbele ya wazee, wakakubali. Sasa yuko mwaka wa tatu. Beji anazifanya likizo.