Kipimo cha Jicho

Kwa miaka mingi damu ya mzazi ilipimwa kwa jicho. Mkunga anatazama kanga zilizolowa, anatazama beseni chini ya kitanda, anakadiria. Na jicho linapunja. Damu ikinywewa na kisutu, nyekundu juu ya nyekundu, huonekana kidogo, kumbe mama ameshapoteza nusu lita.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wazazi zaidi ya 200,000. Mzazi alitandikiwa chini ya makalio mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo. Damu ikifika kwenye mstari, tiba zote zinatolewa kwa mkupuo, bila kusubiri kuona hii imeshindwa ndipo ijaribiwe ile. Uvujaji mkubwa wa damu ulipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki, jamani.

Tanzania vifo vya wazazi vimeshuka, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Ni jambo la kushukuru. Ila hesabu hiyo haimwoni aliyeponea chupuchupu: aliyetolewa kizazi, aliyebaki na fistula, aliyerudi nyumbani hana damu mwilini.

Huyo nasi tunampima kwa jicho. Wifi yangu aliongezewa damu, akaruhusiwa, na kwa kuwa anatembea na ananyonyesha, ukoo mzima ukasema kapona. Shangazi peke yake ndiye aliyemwona akiweka ndoo chini kila hatua chache.

"Mwanangu, ukisimama unaonaje?"

"Giza, shangazi."

Hakuwa ameficha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kliniki nako mtoto hupandishwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa kwenye kadi. Mama mara nyingi huulizwa tu kama ana tatizo, foleni ikisukuma nyuma yake, naye hujibu hana. Wakati kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata siku kadhaa baada ya kujifungua, na dalili yake ya kwanza huweza kuwa presha ambayo yeye mwenyewe haisikii. Kumfunga mama kipimo cha presha mkononi ni kazi ya dakika mbili; naona foleni inaweza kungoja.