Maji Yanayorudi Mtoni

Kwa kazi niliyoifanya kando ya Mto Kimani nilipewa alama za juu, na kwa miaka mingi nilijivunia. Ripoti yenyewe ninayo mpaka leo. Ina ukurasa mmoja ambao kila nikiufikia huupita haraka.

Ilikuwa Novemba 1996. Tulikuwa wanafunzi wa jiografia wa mwaka wa pili, tukapelekwa uwanda wa Usangu kujifunza namna maji ya bonde moja yanavyogawanywa. Siku zile bonde hilo lilikuwa midomoni mwa watu. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulikuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, na viboko wakibanana katika madimbwi. Mbele zaidi mto huo unaingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na sisi wa mijini mgao wa umeme ulikuwa umetuchosha. Mimi mwenyewe nilijiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita kwa mwanga wa kibatari. Basi tulifika Usangu tukiwa tumekwisha kumpata mkosaji kabla ya kushuka garini: mkulima wa mpunga.

Vifaa vyetu vilikuwa futi kamba, fimbo yenye alama za sentimita, saa ya mkono na machungwa. Usicheke, msomaji. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo hauliyumbishi. Unapima mita 20 za mto ulionyooka, unalitupa chungwa juu, unahesabu sekunde hadi lifike chini. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, mwendo ule unauzidisha kwa 0.85, kisha unauzidisha tena kwa upana na kina cha wastani.

Juu ya banio la wakulima mto ulikuwa na upana wa mita 4 na kina cha sentimita 30, na chungwa lilitumia sekunde 25. Tukapata lita 816 kwa sekunde. Chini ya banio tukapata lita 255. Tukatoa: lita 561 zimeingia mfereji wa mashamba, yaani zaidi ya theluthi mbili ya mto. Tulishangilia kana kwamba tumemkamata mwizi.

Bibi mmoja alikuwa ameketi ukingoni akitutazama tangu asubuhi. Tulipokuwa tunafungasha nikamwendea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmemaliza kupima?"

"Tumemaliza."

"Na kule je?" Akaelekeza kwa kidevu, ng'ambo ya majaruba.

"Kule wapi, bibi?"

"Kule yanakorudi."

Nikamfuata juu ya tuta, yeye mbele peku, mimi nyuma nikiteleza. Baada ya robo saa tukafika kwenye mtaro uliokuwa ukikusanya maji yaliyotoka katika majaruba na vitalu vya miche. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda taratibu, lakini yakienda. Na mbele yetu yakaangukia mtoni, chini kabisa ya mahali tulipopimia. Bibi hakusema neno. Nilikuwa na chungwa moja mfukoni. Mara nikasikia lori likipiga honi, nikaaga, nikakimbia.

Katika ripoti niliandika kwamba lita 561 kwa sekunde "zinapotea mashambani". Ningeweza kuongeza sentensi moja tu, kwamba upo mtaro ambao hatukuupima. Sikuiandika, kwa sababu ingeiharibu ile hesabu nzuri.

Maji yanayoingia jaruba hayapotei yote. Sehemu inapaa hewani kwa jua na kupitia majani ya mpunga. Hiyo kweli imekwenda. Sehemu nyingine huzama ardhini au hutoka kwa mtaro, ikachukuliwa na mkulima wa chini au ikaurudia mto. Kuchukua maji na kuyamaliza ni mambo mawili, nami niliyaandika kama moja. Sisemi kwamba mifereji ya Usangu haina mkono katika kukauka kwa Ruaha. Inao, hasa wakati wa kiangazi, kwa maana maji hayatoki kinamasi cha Ihefu mpaka yapande juu ya mwamba wa Ng'iriama, na kila lita inayopungua huko juu huchelewesha kupanda huko. Lakini kiasi gani? Hilo ndilo tulilotumwa kulipima.

Mwaka 2006 wafugaji walipoamriwa kuondoka Usangu na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo hilo lilipounganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, nilifuata habari zile kwa makini. Ripoti yangu haikumhamisha mtu, ilikaa kabatini. Hata hivyo, kila niliposikia tarakimu ikitajwa, nilijiuliza aliyeipima aliitiwa gari saa ngapi.

Mwaka 2012, nikiwa mwalimu, niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye banio lile. Bibi alikuwa amefariki. Tulianzia mtaroni. Chungwa lilitumia sekunde 50, tukapata lita 102 kwa sekunde. Msichana mmoja, mwenye kushika daftari, akaniuliza aiandike wapi, maana jedwali nililowachorea, nikilinakili kutoka lile la 1996, halikuwa na safu yake.