Mswada wa Mbu wa Mjini

Jumatatu, 18 Machi 2024. Kilifi

Wahakiki wananikataa tena. Mmoja ana mitihani ya kusahihisha, mwingine kimya tu, wa tatu kaandika neno moja: nimezidiwa. Siwalaumu. Kazi ni ya bure, na majina ni yale yale. Kila modeli ya malaria hupelekwa kwa watu wale wale wa London, Basel na Seattle mpaka wamechoka. Mhariri mkuu kanikumbusha kwamba mswada wa mbu wa mjini umekaa. Najua umekaa. Nauona kila nikifungua kompyuta.

Basi nimemwandikia yule kijana wa Ethiopia, aliyepitia kozi ya H3ABioNet, mtandao wa bioinformatiki wa Afrika. Hana jina kubwa bado. Lakini mbu wa mswada huu anamjua. Anopheles stephensi alionekana Djibouti 2012, akaonekana Kebri Dehar, Ethiopia, 2016. Kama mtu wa huko hafai kuuhakiki, nani anafaa?

Jumatano, 20 Machi

Amekubali! Nimekuta jibu lake nilipotoka tarawehe. Moyo umetua.

Kikao cha wahariri leo, baada ya futari, kila mtu kwenye skrini yake. Hoja ni msimbo wa kompyuta tena. PLOS Computational Biology waliweka sharti 2021: anayetaka kuchapisha aweke msimbo wazi. Sisi bado "tunahimiza". Mwenzetu mmoja akasema tukilazimisha, waandishi watakimbilia kwingine. Nikasema waende. Nikasema zaidi ya hapo. Mlinganyo ulioandikwa kwenye makala si modeli nzima. Kati ya mlinganyo na grafu kuna maamuzi mengi yasiyoandikwa popote: hatua ya muda ni siku au wiki, safu zipi za data zimetupwa, namba nasibu zimeanzia wapi. Asiyeuona msimbo anahakiki hadithi ya kazi, kazi yenyewe hajaiona. Wengine walinyamaza. Itabidi nilirudie jambo hili kila kikao mpaka lipite.

Jumamosi, 23 Machi

Ripoti zote zimeingia. Mhakiki wa kwanza: uchapishwe. Mistari michache, sijui hata kama alifika kwenye viambatisho. Mhakiki wa tatu: ukataliwe, hauna jipya.

Katikati, ripoti ya kijana. Kurasa kadhaa, na kila aya ina kitu. Anasema modeli imefungamanisha kuzaliana kwa mbu na mvua: mvua ikinyesha wanaongezeka, kiangazi wanakwisha. Hiyo ni tabia ya Anopheles gambiae, mbu wa vidimbwi. Huyu wa mjini hutaga kwenye matangi, mapipa, visima vya majengo yanayojengwa. Watu hujaza maji kwa sababu mvua hakuna na bomba limekauka. Kwa hiyo pale grafu inaposhuka ndipo haipaswi kushuka.

Nimesoma nikiwa nimesimama. Ni kweli kabisa. Hata hapa Kilifi, maji yakikatika kila nyumba ina pipa uani. Na Marsabit mbu huyu tayari yupo.

Uchapishwe, ukataliwe, urekebishwe. Msaidizi wa ofisi kauliza tufuate lipi. Hapa hatupigi kura. Mhakiki anashauri, uamuzi ni wangu, na lazima niweze kuutetea kwa hoja.

Jumanne, 26 Machi

Waandishi wametuma msimbo, nilipouomba. Umeandikwa kwa lugha ya R. Haukuenda. Faili la mvua halimo, na njia yake inaelekeza kwenye diski ya kompyuta ya mtu. Nikatafuta data ya mvua ya wazi, nikaiweka, ukaenda. Nikauendesha tena: mkunjo mwingine. Tena: mwingine. Hawakufunga mbegu ya namba nasibu, na utepe wa mashaka kwenye grafu yao ni mwembamba kuliko ninaouona hapa. Hili pekee linatosha kuurudisha mswada.

Kisha nikajaribu hoja ya kijana. Nikaweka mazalia ya mbu yawe yale yale mwaka mzima, kama tangi lisilokauka. Wakati wa kiangazi grafu haishuki tena. Kilele kinahama.

Daku nimekula hapa hapa mezani.

Nawaza afisa wa afya wa kaunti anayeichukua grafu ile ilivyo. Ataagiza dawa ya viluwiluwi isubiri masika, ilhali mbu wako kwenye matangi tangu Januari. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Ijumaa, 29 Machi

Umeme umekatika, mvua kubwa. Mama kaniuliza nini kinanikesha. Nikamweleza habari za mbu wa kwenye mapipa. Akatoka kwenda kufunika la kwetu.

Barua ya waandishi inasema mwandishi wa kwanza ni mwanafunzi, anasubiri makala hii ili ahitimu. Nimeisoma tena na tena. Uchungu upo. Wameomba pia msamaha wa ada ya uchapishaji. Hilo nimeliunga mkono, na halihusiani na uamuzi.

Jumanne, 2 Aprili

Marekebisho makubwa. Siukatai. Swali lao ni zuri na miji yetu inalihitaji. Hoja ya mhakiki wa tatu kwamba hauna jipya haikubaliki, kwani modeli nyingi za malaria zimejengwa kwa mbu wa vijijini.

Barua nimeiandika mwenyewe, sikutumia ile ya kunakili. Nimemwambia mwanafunzi mambo matatu: weka maji yaliyohifadhiwa kama chanzo cha mbu kando ya mvua; funga mbegu, uonyeshe mashaka yote bila kuyabana; weka msimbo na data mahali pa wazi ili mgeni auendeshe bila kukuuliza. Nimemwandikia pia ukurasa upi wa ripoti ya pili aanze nao.

Nimeituma saa tano usiku. Wana siku sitini. Ukirudi, unakwenda kwa kijana wa Ethiopia kabla ya mtu mwingine yeyote.