Misumari ya Kitutia

Tangu nistaafu mwaka 2018 na kurudi Masoko, chini ya Tukuyu, kila msiba na kila harusi nakutana na swali lilelile: mtu wa migomba na chai alifuata nini kwenye matumbawe? Nilikuwa najibu kwa kicheko. Lakini nahodha wangu wa kisiwa cha Jibondo, kule Mafia, amefariki, na vijana wa vyuo wameanza kunipigia simu wakitaka "data za zamani". Nimeona niandike mwenyewe, maana ripoti nyingi za kazi yetu ziliandikwa na watu ambao hawakulowa.

Ya utotoni si mengi. Nilizaliwa kando ya lile ziwa la Masoko lililokaa kwenye shimo la volkano. Wazee walitukataza kuoga humo, kwa sababu ya yanayokaa ndani yake na kwa sababu ya hela za Wajerumani zinazosemwa kutupwa wakati wa vita ya kwanza. Tulioga. Baba akapata kibarua cha chai Mufindi, nikamalizia shule huko, nikapelekwa Iringa mjini kusomea ufundi wa injini, kisha nikapanda TAZARA pale Makambako kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Nikaanza na injini za boti, nikahamia kwenye kompresa za kujazia mitungi ya wapiga mbizi. Fundi wa kompresa akijua kuogelea hakai sana nchi kavu. Miaka ya mwanzo ya 90, miamba ya Mafia ilipokuwa ikikaguliwa kabla ya hifadhi ya bahari kuanzishwa mwaka 1995, mimi nilikuwa chini ya maji na penseli mkononi.

Nahodha hakusoma shule zaidi ya chuo cha Kurani. Aliniita Mbeya, nami nikamwita Nahodha mpaka mwisho. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuendesha mashua. Kazi yake kweli ilikuwa kutufikisha palepale tulipokuwa safari iliyopita, jambo ambalo hakuna mashine iliyoliweza. GPS za raia wakati ule zilikuwa zikipotoshwa makusudi na Wamarekani, mpaka walipoacha Mei 2000. Ungeweza kukosea hata mita 100. Nahodha alitazama nchi kavu pande mbili, akalinganisha mnazi na pengo la miti huku, ncha ya kisiwa na jiwe kule, akasema, "Tia nanga, Mbeya." Nikishuka, misumari yangu iko chini ya mapezi.

Misumari hiyo ndiyo ninayotaka kuisema. Ni vipande vya nondo, urefu kama mkono mpaka kiwikoni, unavyopigilia kwenye mwamba uliokufa, kamwe si kwenye tumbawe hai. Nyundo ndani ya maji haina nguvu. Ukiinua sana unapoteza pumzi bure, hivyo unapiga fupi fupi, goti likiwa kwenye mchanga. Kati ya misumari unavuta tepu, ukiilaza karibu na mwamba bila kuulalia. Halafu unakwenda nayo kichwa chini, ukiandika kwenye ubao wa plastiki kila kilicho chini ya tepu, sentimeta hii mpaka sentimeta ile: hai, limekufa, mwani, mchanga, kifusi. Mkondo ukiivuta tepu ikapinda, rudia. Ukisema "imepinda kidogo tu", umepima mkondo, hujapima mwamba.

Kulikuwa na mtaalamu mmoja, simtaji, na ofisi yake siitaji, aliyeagiza misumari iachwe. Alitaka tepu ziangushwe popote, kila safari mahali papya, kwa bahati nasibu. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema mtu akichagua mahali pa kupigilia msumari huchagua palipo pazuri, na pazuri hapana pa kwenda ila kuharibika. Utaona hasara hata isiyokuwepo. Hesabu yake naikubali. Lakini bahati nasibu inakupa wastani wa mwamba, na wastani hauna jina. Haukwambii tumbawe hili lililosimama leo ndilo lilelile la mwaka juzi, au ni jipya lililoota juu ya kaburi la lingine. Tulibishana mezani kule Utende, Mafia, mpaka chai ikapoa. Yeye ndiye aliyekuwa na fedha, kwa hiyo agizo likawa lake. Misumari ya mwamba wa Kitutia hatukuing'oa, na safari tulizokwenda kwa mengine, Nahodha alipitia pale bila kuulizwa.

Ikaja 1998. Kaskazi ilipolegea, bahari ikawa shwari kama sahani, na maji yakakaa na joto lisilopungua hata usiku. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani ndani ya mwili wake. Mwani ndio unaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Joto likizidi kile kiwango cha mwezi wa joto kuliko yote kwa nyuzi moja tu, likadumu majuma kadhaa, mnyama anautoa mwani, nyama yake inabaki kama kioo na mifupa myeupe inaonekana. Hapo bado hajafa. Maji yakipoa mapema anaweza kuupata tena. Mwaka ule hayakupoa mapema. Vile vichaka vya matawi vya Kitutia, ambavyo wageni walikuwa wanavipiga picha mpaka filamu zinawaishia, vilikufa karibu vyote. Sehemu nyingi za magharibi ya Bahari ya Hindi ilikuwa hivyo, Shelisheli wakaumia kuliko sisi.

Sasa sikiliza kilichofuata. Samaki wakaongezeka. Matawi yaliyokufa yalikuwa bado yamesimama, yakaota mwani juu, na samaki wanaokula mwani wakaja kwa wingi. Mtaalamu wetu alifurahi, nadhani kwa dhati, akatangaza kwenye kikao kwamba mwamba "unajimudu". Nahodha, aliyekuwa ameletwa kikaoni kama mwakilishi wa wavuvi na kuwekwa karibu na mlango, akaomba nafasi. Akasema nyumba iliyokufa wenyewe bado ina kuta. Ngojeni kuta zidondoke. Hakuna aliyeandika maneno yake. Miaka iliyofuata matawi yakalika ndani, yakavunjika, yakawa kifusi kinachobingirishwa na kila wimbi la kusi, na kitoto cha tumbawe kikitua juu ya kifusi kinachotembea hakishiki. Kwenye misumari niliona ni kipande kipi kiligeuka kifusi na kipi kilishikwa tena na matawi machanga.

Yaliyosimama imara zaidi yalikuwa yale mawe makubwa ya mviringo, Porites, yanayokua kama sentimeta moja kwa mwaka. Hayo ndiyo daftari la bahari. Ukilitoboa jiwe kutoka kileleni kwa kufuata njia ya ukuaji wake, ukatoa kipande kirefu tunachokiita mche, ukakipiga eksirei, unaona mistari ya mwaka baada ya mwaka, na oksijeni iliyo ndani ya chokaa yake hueleza joto la maji. Jiwe moja la Malindi lilitoa miaka 194 mfululizo; matokeo yalitangazwa mwaka 2000, nayo yakaonyesha bahari imepata joto hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzo wa karne ya 19. (Mafia mawe ya aina hiyohiyo yalichomwa tanuri kwa tanuri kupata chokaa. Sijui nyumba ngapi zimepakwa karne nzima ya bahari.)

Vijana wanapenda sana mche. Nami naupenda, nimeshika keekee mwenyewe. Lakini mche ni ushuhuda wa aliyepona. Hapa Masoko watafiti waliotoboa tope la ziwa letu walipata kumbukumbu ya takriban miaka 50,000, majivu ya volkano na vijimwani vya kioo, tabaka juu ya tabaka. Tope haliugui kwa kile linachokiandika. Tumbawe linaugua. Lililozidiwa mwaka 1998 liliacha kuandika mwaka huohuo, na lile la matawi halikuacha hata jiwe la kutoboa. Aliyekufa huwezi kumjua ila kama mtu alikuwa amempima akiwa hai, mahali panapojulikana, kisha akarudi palepale. Setilaiti haitakufanyia. Ramani zake za joto zilikuwa na miraba ya kilomita 50, leo ni kilomita 5, nazo zilituonya vizuri mwaka 2016 na tena 2024. Zinakuambia joto la juu ya maji. Kuhesabu maiti hazijui.

Juzi kijana mmoja alinipigia. "Shikamoo mzee, naomba koodineti za misumari ya Kitutia." Nikamjibu marahaba, nikamwambia madaftari yangu yapo, aje Masoko anakili mwenyewe, nakala ya pili aiache Jibondo. Koodineti hazimo. Alama zote alirithishwa mtoto wa Nahodha, na yeye anadai posho ya baba yake ya safari ambazo ofisi ya yule mtaalamu haikulipa. Kijana akauliza kama anaweza kuiombea bajeti. Nikamwambia aiombe kwanza, ndipo anitafute.