Kuku wa Maskini

Wahenga walinena kwamba kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea, vifaranga huchukuliwa na mwewe. Methali hii haikutungwa na mtu wa maskhara. Ilitungwa na mtu aliyehesabu kuku wake jioni, akawahesabu tena asubuhi, akaona tofauti. Maskini hana benki ila banda, wala hana akiba ila tetea. Basi msiba wa banda ni msiba wa nyumba nzima.

Ndandalo, katika wilaya ya Kyela, si mahali pa ukame. Mvua hunyesha kwa wingi, mpunga hustawi, kakao huanikwa uani, na Ziwa Nyasa haliko mbali. Walakini mpunga una msimu wake na kakao ina msimu wake. Kuku ndiye asiyengoja msimu. Akija mgeni, kuku huchinjwa. Akiugua mtoto, kuku huuzwa. Likitakiwa daftari, mayai hupelekwa sokoni. Aghalabu mali hii ni ya wanawake, na kwa kuwa ni ndogo, wakubwa huipita bila kuitupia jicho.

Kijana mmoja wa huko, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, alirudi likizo akaukuta ua wa bibi yake kimya. Mdondo ulikuwa umepita. Wengine huuita kideri, na vitabu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Kuku huzubaa, huharisha majimaji ya kijani, shingo hupinda, na kwa siku chache banda huwa tupu. Katika kuku zaidi ya 20 alisalia tetea mmoja mweusi, naye alikuwa akipekua chini ya mkakao kana kwamba halikutukia neno.

Kijana alitaka kumfariji bibi yake, na faraja aliyokuwa nayo ilikuwa ni elimu. Alimweleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili wa kuku umo urithi ulioandikwa mfano wa barua, mzazi akimwachia mtoto. Na kwamba wataalamu wamepata mkasi mwembamba, uitwao CRISPR, wa kukata na kusahihisha herufi za barua hiyo. Kwa mkasi huo Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kwa kuku kazi ni ngumu, maana yai lake limejaa kiini, wala haliwezi kushughulikiwa kama la kondoo Dolly, aliyezaliwa katika Taasisi ya Roslin, Uskochi, mwaka 1996. Basi wataalamu huchukua kutoka katika kiinitete cha siku chache chembe ambazo baadaye zingekuwa mbegu za uzazi, huzihariri, kisha huzitia katika kiinitete kingine. Kuku anayeanguliwa humo hubeba mbegu isiyokuwa yake, na watoto wake huzaliwa na urithi uliosahihishwa.

"Mwaka 2023, bibi," alisema kijana, "wataalamu wa Roslin na wenzao walitangaza kwamba wamegeuza jeni moja ambayo virusi vya mafua ya ndege huitegemea ili vizaliane. Kuku 10 walipewa virusi kwa kipimo cha kawaida; 9 hawakuambukizwa."

"Na huyo wa 10?"

"Aliambukizwa. Na wengine walipopewa virusi kwa kipimo kilichozidishwa mara 1,000, nusu yao waliambukizwa, na virusi vyenyewe vikabadilika. Sasa wataalamu waona kwamba huenda ikalazimu kugeuza jeni tatu kwa pamoja."

Bibi alimtazama tetea wake kwa kitambo. "Mjukuu wangu, huyo kuku wao alifundishwa kuukataa ugonjwa, na ugonjwa nao ukajifunza. Je, huyu wangu mweusi alifundishwa na nani?"

Kijana hakuwa na jibu la haraka. Labda tetea yule alipona kwa bahati tu. Kuku mmoja si ushahidi. Lakini swali lilikuwa swali la kweli, na wasomi wamekwisha kuliuliza. Chuoni kwake mwenyewe, Sokoine, watafiti walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakawachunguza kuku wa kienyeji wa Tanzania: Kuchi, Ching'wekwe na wa Morogoro. Vifaranga walitiwa virusi vya mdondo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba uwezo wa kushindana na ugonjwa huo hurithiwa kwa kiasi. Hivyo barua ambayo mkasi ungependa kuiiga yawezekana imekwisha kuandikwa, na imekaa katika nyua za vijiji bila msomaji.

Hapa ndipo penye hatari. Mkasi hauna hekima yake wenyewe. Hukata kwa kufuata kielelezo. Kuku wa kienyeji akidharauliwa kwa udogo wake, akabadilishwa kila mahali na kuku wa kigeni anenepaye upesi, kielelezo kitapotea kabla hakijasomwa. Kyela inalijua jambo hili kwa mchele wake: harufu inayousifisha ilihifadhiwa na wakulima waliochagua mbegu mwaka kwa mwaka, bila cheti wala maabara. Kwa hiyo huenda fadhila ya kwanza ya elimu hii ikawa katika kutunza. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoko Nairobi, na wenzao wa Roslin wanashughulikia njia ya kugandisha chembe za uzazi za kuku wa Afrika, ili kabila la kuku likitoweka liweze kurudishwa kwa tumbo la kuku mwingine. Lakini ghala linalotunza mbegu halina budi kumkumbuka mwenye mbegu.

"Basi hao kuku wa mkasi watafika lini Ndandalo?" aliuliza bibi.

"Sijui, bibi."

"Na mdondo utarudi lini?"

"Mwakani, kama kawaida yake."

Baada ya jibu hilo kijana aliona haya. Alijua habari za Uskochi na California, na alijua pia kwamba iko chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayostahimili joto kuliko nyingine, ambayo Tanzania imeitengeneza yenyewe kwa miaka mingi; tone moja katika jicho, hurudiwa kila miezi mitatu. Alikuwa ameijua tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, wala hakuwahi kuitaja nyumbani. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo ni dawa inayotaka majirani wapatane siku na wachange fedha.

Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba akiandika idadi ya kuku waliosalia. Bibi naye aliazima jogoo. Tetea mweusi alipoanza kutaga, mayai yake hayakupelekwa sokoni. Yaliwekwa yaatamiwe, yote kwa hesabu.